Kufunga Muziki Kwenye Corolla ya Zamani Bila Kukata Soketi

Corolla 100 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1991, Corolla 110 mwaka 1995. Hapa kwetu bado zipo barabarani kwa wingi, pamoja na Carina Ti na Mark II GX100 za miaka hiyohiyo. Nyingi zilikuja zikiwa zimetumika Japani, na redio zake zimetengenezwa kwa ajili ya Japani: maandishi ya Kijapani, kaseti au CD, na FM inayoanzia 76 na kuishia 90. Vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mwenye gari anasikia vituo vichache vya mwanzo, vingine vyote havishiki.

Siku ya kubadilisha ikifika, kuna njia inayotumika sana vibandani. Soketi ya nyuma ya redio inakatwa kwa plaizi, waya zinamenywa, zinasokotwa kwa mkono na kuvishwa tepu nyeusi. Jioni ile muziki unapiga. Baada ya miezi gundi ya tepu inayeyuka kwa joto la dashibodi, waya zinaachia moja moja, spika ya kushoto inakatika, kisha siku moja waya wa umeme unagusa bodi na fyuzi inaungua. Fundi wa pili akija hana tena soketi ya kufuata, anabahatisha. Gari likishapita kwa mafundi watatu wa namba hiyo, nyuma ya redio panakuwa na fundo la waya ambalo hata mwenye nalo haelewi kipi ni kipi.

Ninachotaka kukuonyesha ni namna ya kufunga redio mpya, spika, na ukitaka amplifaya na sabufa, huku waya za kiwandani zikibaki nzima. Hata kama kazi utampa fundi, kaa pembeni yake ukijua cha kudai.

Pima gari kwanza

Gari la miaka 25 au 30 linaweza kuwa na umeme dhaifu bila wewe kujua, kwa sababu taa na feni zinavumilia. Amplifaya haivumilii. Nunua mita ya kidijitali, hata ya bei ndogo, na upime mambo matatu.

Betri ikiwa imepumzika usiku kucha, ncha zake zisome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 au chini, ichaji kwanza, na ikirudi palepale kesho yake, betri imechoka.

Washa injini. Isome kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa taa kubwa, feni ya AC na kipashio cha kioo cha nyuma vyote kwa pamoja. Ikishuka chini ya 13 injini ikiwa inanguruma kidogo juu ya sailensa, yaani mzunguko wake bila kukanyaga mafuta, kagua mkanda wa altaneta na altaneta yenyewe kabla ya kufikiria sabufa. Altaneta nyingi za magari madogo ya miaka ile ni za ampea 60 hadi 80, na sehemu kubwa tayari ina kazi.

Kipimo cha tatu watu wengi hawakifanyi. Vitu vyote vikiwa bado vimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Namba ikizidi volti 0.2, ethi ya gari, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, imeoza. Fungua waya unaotoka betri kwenda bodi na ule wa injini kwenda bodi, sugua kutu kwa brashi ya chuma, ufunge upya. Ukikuta waya umegeuka kijani ndani ya ganda lake, badilisha mzima. Kazi hii ni ya nusu saa na inaponya magonjwa ambayo baadaye yangesingiziwa redio.

Ununue nini, na kwa mpangilio gani

Kama fedha ni ya kuhesabu, mpangilio wangu ni huu: redio, spika za milango ya mbele pamoja na kuziba milango, kisha amplifaya, mwisho sabufa. Wengi huanza na sabufa kwa sababu ndiyo inayosikika hadi barabarani. Matokeo yake ni besi nene nyuma na sauti ya mwimbaji iliyokwama ndani ya plastiki ya mlango.

Kwa redio, skrini kubwa za Android zinavutia na nyingine ni nzuri, lakini za bei ya chini zina redio dhaifu, hazishiki vituo vya mbali, na zinachemka. Redio ya kawaida yenye Bluetooth, USB na jozi tatu za matundu ya RCA nyuma, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, yaani ya mbele, nyuma na sabufa, itakupa sauti safi zaidi kwa fedha ileile. Ukubwa nao uuangalie. Nafasi ya redio kwenye Toyota za Japani ina upana wa milimita 200 na urefu wa 100, ilhali redio nyingi za dukani zina upana wa milimita 178 hadi 180. Dai vipande viwili vya plastiki vya kuziba pembeni, na kama redio ni ya nusu, yenye urefu wa milimita 50, dai na kiboksi cha kujazia nafasi inayobaki.

Nunua pia adapta ya soketi ya Toyota: soketi mbili, kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6, zenye waya zinazoning'inia. Bei yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii. Kariakoo utaipata kwenye maduka ya redio za magari, na Nairobi ulizia Luthuli Avenue. Muuzaji akikwambia haina haja, fundi atakata tu, nenda duka la pili.

Kuhusu amplifaya, namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi usiitazame. Geuza amplifaya uangalie fyuzi zake. Ikiwa imeandikwa wati 2000 na ina fyuzi moja ya ampea 30, piga hesabu: 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D inatoa takribani asilimia 80 ya kinachoingia, ya daraja AB kama asilimia 60. Kwa hiyo hapo una wati 250 hadi 330 halisi, na zile 2000 ni za karatasi. Namba ya kuaminika ni iliyoandikwa RMS, yaani wati za kudumu, na ikutane na hesabu ya fyuzi. Wati 50 hadi 75 RMS kwa kila mlango na 250 RMS kwa sabufa ni muziki wa kutosha kabisa ndani ya Corolla.

Kuvua redio ya zamani

Kabla ya kutoa waya wa betri, jiulize kama ile redio ya Japani utaiuza au kuirudisha. Baadhi, hasa zenye ramani, zikikatiwa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri. Kisha toa waya hasi wa betri. Kama gari lina eabegi, subiri sekunde 90 baada ya kutoa, na popote utakapokutana na soketi za njano za eabegi usiziguse wala usizipime kwa mita.

Fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na vibanio. Plastiki ya umri huu inavunjika kama biskuti, kwa hiyo liache gari juani kidogo ilainike, kisha vuta kwa kipande cha plastiki badala ya bisibisi. Nyuma ya fremu kwa kawaida utaona bolti nne za namba 10. Zifungue, redio inatoka pamoja na vyuma vyake viwili vya pembeni. Vyuma hivyo usivitupe, ndivyo vitakavyobeba redio mpya. Tumia skrubu fupi zilizokuja na redio, za milimita 5 kwa 8. Skrubu ndefu inaingia ndani na kutoboa bodi ya saketi, na redio inakufa kabla hujaisikia.

Waya: hapa usiwe na haraka

Hapa ndipo redio nyingi zinapoungulia. Rangi za waya za Toyota na rangi za waya za redio mpya ni lugha mbili tofauti zinazotumia maneno yaleyale.

Upande wa gari, Toyota nyingi za miaka ya 1990 ziko hivi:

- bluu yenye mstari wa njano: umeme wa kudumu kutoka betri
- kijivu: umeme wa ufunguo, ACC
- kahawia: ethi
- kijani: taa za dashibodi
- pinki na zambarau: spika ya mbele kushoto, chanya na hasi
- kijani mpauko na bluu: mbele kulia, chanya na hasi
- nyeusi na njano: nyuma kushoto, chanya na hasi
- nyekundu na nyeupe: nyuma kulia, chanya na hasi

Upande wa redio mpya, karibu zote hufuata mpangilio huu:

- njano: umeme wa kudumu
- nyekundu: umeme wa ufunguo
- nyeusi: ethi
- bluu: antena ya umeme
- bluu yenye mstari mweupe: kuwasha amplifaya
- chungwa: taa za dashibodi
- nyeupe, na nyeupe yenye mstari mweusi: mbele kushoto
- kijivu, na kijivu yenye mstari mweusi: mbele kulia
- kijani, na kijani yenye mstari mweusi: nyuma kushoto
- zambarau, na zambarau yenye mstari mweusi: nyuma kulia

Sasa tazama kinachotokea ukiunga rangi kwa rangi. Njano ya redio inayotafuta betri inakutana na hasi ya spika ya nyuma kushoto. Nyeusi inayotafuta ethi inakutana na chanya ya spika hiyohiyo. Mbaya kuliko zote ni kijivu: kwenye redio ni njia ya kutoa sauti ya spika ya mbele kulia, kwenye gari ni volti 12 za ufunguo. Ukishaziunga na kuzungusha ufunguo, umeme wa betri unaingia kinyumenyume kwenye chipu ya sauti, na chipu hiyo haina fyuzi ya kuiokoa.

Kwa hiyo rangi zichukulie kama tetesi, mita ndiyo ushahidi. Rudisha waya wa betri kwa muda. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye chuma kitupu cha bodi, nyekundu uipitishe kwenye pini za soketi ya gari. Pini yenye volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni ya kudumu. Pini inayopata volti 12 ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza tu ni ACC. Inayopata ukiwasha taa ndogo ni ya dashibodi. Kama ya kudumu haina kitu na taa ya ndani ya gari nayo haiwaki, tazama fyuzi iliyoandikwa DOME, maana kwenye Toyota nyingi vyote viwili vinapita hapo.

Kisha toa betri tena, weka mita kwenye ohmu, upime jozi za spika. Spika nzima ya ohmu 4 itasoma karibu 3.2 hadi 3.8. Ikisoma sifuri kamili waya zimegusana, isiposoma kitu waya umekatika au spika imekufa. Pima pia kila waya wa spika dhidi ya bodi: pasiwe na mawasiliano yoyote. Ukiyakuta, ama waya umechubuka na kugusa chuma mahali fulani, ama una gari la zamani zaidi, la miaka ya 1970 kwa mfano, ambamo hasi za spika zilifungwa kwenye bodi moja kwa moja. Redio ya kisasa haikubali mfumo huo, itaungua. Hapo vuta waya mpya mbili kwa kila spika, hakuna njia ya mkato.

Ukishajua kila pini, unga waya za adapta na waya za redio ukiwa umekaa mezani, nje ya gari. Nachomelea kwa risasi na kuvisha mpira wa kusinyaa kwa moto, kila kiungo peke yake, na viungo navipishanisha ili visikutane mahali pamoja. Viungio vya kubana kwa koleo lake maalumu navyo ni vizuri. Tepu peke yake haitoshi, nimeshaeleza kwa nini. Waya usiotumika, kama bluu kama gari halina antena ya umeme, uvishe mpira kwenye ncha yake. Usiuache uchi.

Mwisho chomeka adapta kwenye soketi ya gari. Siku ukiuza gari, unachomoa, unarudisha redio ya kwanza, na hakuna aliyekata kitu.

Antena na kile kiboksi kilichosahaulika

Ukivuta waya wa antena, chunguza njia yake yote. Kwenye magari yaliyotoka Japani mara nyingi utakuta kiboksi kidogo kimefungwa katikati, kina waya mwekundu na mweusi wake. Hiyo ni ekspanda ya FM. Kazi yake ni kushusha masafa ya vituo vyetu yaingie ndani ya zile 76 hadi 90, ndiyo maana kituo cha 95 ulikuwa ukikikuta kwenye 83 au namba nyingine ya ajabu. Redio mpya haikihitaji. Kikibaki, vituo vitaonekana kwenye namba zisizo zake na sauti itakuwa na mchakacho, na utalaumu redio. Kitoe, chomeka antena moja kwa moja.

Kama antena imo kwenye kioo cha nyuma, inakuwa na kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Hapo waya wa bluu wa redio una kazi: ukiusahau, redio itashika vituo vya karibu tu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya redio uchague eneo la Ulaya badala ya Marekani, ili ipande kwa hatua ndogo na ishike vituo vyetu vyote.

Milango

Fungua paneli ya mlango taratibu. Nyuma yake kuna nailoni. Ile ni ya kuzuia maji, ibandue kwa uangalifu kwa sababu itarudi.

Kabla ya kununua spika, shusha kioo mpaka chini kabisa na upime umbali kutoka chuma cha mlango hadi kwenye kioo. Spika ya inchi 6.5 yenye sumaku nene inaweza kukutana na kioo. Nafasi ikiwa finyu, tengeneza pete ya plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 na uipake vanishi pande zote, hata ndani ya matundu ya skrubu. Mbao za unga hazifai hapa, zinavimba msimu wa kwanza wa mvua.

Polepole sasa, maana hapa kuna sauti nyingi ya bure. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Kama mlango una matundu makubwa, hewa ya nyuma inazunguka na kuifuta ya mbele, na besi inapotea. Ziba matundu makubwa kwa karatasi nzito za butili zenye foili, bandika nyingine ndani kwenye chuma cha nje ili kisitetemeke, na weka sponji kuzunguka spika inapokutana na paneli. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango yaache wazi, maji ya mvua yanatokea hapo. Ukiyaziba, mlango utaoza. Kisha rudisha nailoni.

Chanya na hasi za spika zote zielekee upande mmoja. Ukiwa na shaka, gusa ncha za spika kwa betri ndogo ya volti 1.5: chanya ikikutana na chanya, koni inasogea nje. Spika ya kushoto ikivuta wakati ya kulia inasukuma, utasikia muziki mwembamba usio na kitovu, na hakuna kitufe cha redio kitakachourekebisha.

Amplifaya na sabufa

Waya mkuu unatoka kwenye nguzo chanya ya betri, na fyuzi yake inakaa si zaidi ya sentimita 45 kutoka hapo. Fyuzi hiyo inaulinda waya. Ukichubuka ndani ya gari na kugusa bodi bila fyuzi, betri nzima inajimwaga kwenye waya ule, ganda linashika moto, na kapeti ipo juu yake. Kwenye jambo hili usikubali maelezo yoyote ya fundi.

Unene unategemea mkondo. Kwa kutoka injini hadi buti ya Corolla, ampea 40 zinahitaji waya wa milimita za mraba 8 hadi 10, ambao dukani unaitwa namba 8. Ukizidi hapo chukua namba 4, yenye milimita za mraba karibu 21. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na unapitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu. Kama huna jinsi, panda saizi moja juu.

Pitisha waya kwenye raba iliyopo tayari kwenye ukuta wa injini. Ukilazimika kutoboa, tundu livishwe raba yake. Umeme uushushe kwenye kizingiti cha upande mmoja wa gari, waya za RCA uzipitishe upande wa pili. Ethi ya amplifaya isizidi nusu mita: tafuta chuma kinene cha bodi, sugua rangi hadi king'ae, funga kwa lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya, na bolti yenye washa ya meno, kisha paka rangi juu kuzuia kutu. Bolti ya mkanda wa usalama usiitumie.

Waya wa bluu wenye mstari mweupe unakwenda kwenye tundu la kuwasha amplifaya. Amplifaya iwekwe chini ya kiti au ubavuni mwa buti, penye hewa. Juu ya boksi la sabufa inatikisika hadi viungo vya ndani vinaachia.

Kuna ujanja mmoja unaookoa kazi nyingi. Huna haja ya kuvuta waya mpya hadi milangoni. Tenganisha waya za spika za redio kutoka kwenye adapta, zivishe mpira, na mahali pake kwenye adapta unga waya zinazorudi kutoka kwenye amplifaya. Sauti inapita kwenye soketi na waya za kiwandani mpaka mlangoni. Kwa wati 50 hadi 75 waya zile zinatosha.

Sabufa yenye koili mbili za ohmu 4 ukiziunga sambamba unapata ohmu 2, ukiziunga mfululizo unapata 8. Soma kitabu cha amplifaya ujue inakubali kipi. Ikiwa mwisho wake ni 2 na wewe umeweka sabufa mbili za namba hiyo zote sambamba, umeishusha hadi 1, na itajizima au kuungua.

Kupanga sauti kwa mita

Kitufe cha geini si volyumu ya pili. Kinalinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya, na kikipandishwa mno sauti inakatwa kileleni, ndiyo inayounguza twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, na koili.

Ondoa waya za spika kwenye amplifaya. Besi na trebo za redio ziwe sifuri, volyumu iwe robo tatu ya mwisho wake. Cheza toni safi kutoka kwenye USB: hezi 1000 kwa milango, hezi 50 kwa sabufa, kichujio kikiwa kimefunguliwa ili kisiipunguze toni hiyo. Mita iwe kwenye volti za AC. Lengo lako ni kipeuo cha pili cha wati mara ohmu. Wati 50 kwa ohmu 4 ni volti 14.1. Wati 75 kwa ohmu 4 ni 17.3. Wati 250 kwa ohmu 2 ni 22.4. Pandisha geini taratibu mpaka namba hiyo, uache.

Rudisha spika. Kwa vichujio vya amplifaya, milango ikate kila kilicho chini ya hezi 80, sabufa ikate kila kilicho juu ya 80. Cheza wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi linalosikika wazi, dansi au rumba inafaa sana. Kaa kiti cha dereva, ubadilishe swichi ya fezi ya sabufa kati ya 0 na 180, na ubakishe pale besi inaposikika nzito na kana kwamba inatoka mbele.

Mluzi, na betri inayolala

Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na injini, zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Mluzi ukiisha, unatoka upande wa redio: kagua ethi yake au njia ya RCA. Ukibaki, tatizo ni ethi ya amplifaya. Na kamwe usichomoe wala kuchomeka RCA mfumo ukiwa umewashwa, kwenye baadhi ya redio ganda la nje la tundu hilo lina fyuzi ndogo ndani inayokatika kirahisi, na mluzi unabaki wa kudumu.

Kipimo cha mwisho: ufunguo nje, milango imefungwa, subiri nusu saa. Fungua waya hasi wa betri na uweke mita kati yake na nguzo, kwenye tundu la ampea 10. Isome chini ya 0.05. Usiwashe kitu chochote wakati huo, utaunguza mita. Ikisoma nusu ampea, kwa siku ni ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 45 haitamaliza siku ya nne. Mara nyingi kosa ni waya mwekundu wa redio kuungwa kwenye umeme wa kudumu, au amplifaya isiyozimika. Kinyume chake, ukiona saa na vituo vinafutika kila unapozima gari, njano na nyekundu zimepishana.

Baada ya wiki ya kutembea, fungua tena kifuniko cha fyuzi kuu na uguse baada ya muziki mrefu. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, bolti imelegea au lagi haikubanwa vizuri. Kaza bolti zote, za betri, za ethi na za amplifaya, kisha rudisha vifuniko vyake.